Msumeno wa Wete Uliodaiwa Kuwa na Shetani

Nilipouona kwa mara ya kwanza, msumeno ule wa mkanda, mashine ya kukatia mbao, ulikuwa na kuku anayeatamia ndani yake. Ulisimama katika kibanda cha makuti nyuma ya nyumba moja nje kidogo ya mji wa Wete, umeinama upande kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa umezama katika udongo, na ndani ya kasha la gurudumu la chini, mahali ambapo unga wa mbao ungepaswa kudondokea, palikuwa na nyasi kavu, mayai, na kuku mwekundu aliyenitazama kwa jicho moja bila ya kuonesha dalili yoyote ya kutaka kuhama.

Nilikuwa nimekwenda Pemba kwa shughuli ya harusi, wala sikuwa natafuta mashine. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika skuli moja ya Unguja, na useremala naufanya jioni na siku za mapumziko, katika banda la matofali nililolijenga uani kwangu Fuoni. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikitengeneza viti, rafu na mbuzi za kukunia nazi kwa msumeno wa mkono, randa na patasi, na kila kazi yenye mviringo ilinichosha kuliko nyengine zote. Kukata upinde wa juu wa mlango katika ubao wa mvule wenye unene wa inchi mbili kulinimalizia asubuhi nzima, na bado ukingo ulibaki na mawimbi ambayo ilinibidi niyasawazishe kwa tupa. Msumeno wa mkanda huimaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Una magurudumu mawili, moja juu na moja chini, na mkanda wa chuma wenye meno uliounganishwa ncha kwa ncha hupita juu ya magurudumu hayo na kushuka mbele ya fundi kupitia tundu la meza. Kwa kuwa mkanda ni mwembamba, ubao unaweza kugeuzwa huku unakatwa, ukafuata mstari wowote uliouchora.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja aliyeachiwa karakana na marehemu mumewe. Nilipomwamkia na kumweleza kuwa nauulizia ule msumeno, aliweka chini ungo wake akaniangalia kwa huruma.

"Mwanangu, chuma kile kina shetani. Marehemu alikirejeshea mota yake, na tokea siku ile kikawa chavunja mikanda kama vijiti. Mwisho ukamruka mkanda, ukampiga begani. Akakifungia mlango, hakukigusa tena."

Mwanawe mkubwa, aliyekuwa ameketi barazani, akaongeza kwamba kabla ya hapo mashine ilizungushwa miaka mingi kwa injini ya dizeli, na wakati huo haikuwa na shetani yeyote. Sikushangaa kusikia habari ya injini. Kabla ya mwaka 2010, ulipofika umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, Pemba ilikuwa ikitegemea jenereta za dizeli za Wesha, na fundi asiyetaka kazi yake ingojee mgao alikuwa na sababu ya kumiliki injini yake mwenyewe. Nilichokosa ni kukitia maanani kile alichokisema kijana yule, kwani jawabu lote la mikanda kuvunjika lilikuwa katika sentensi yake, na mimi ilinichukua miezi mitatu kulifikia.

Nilikwangua rangi kidogo kwenye fremu kwa ncha ya ufunguo, na chini ya tabaka mbili za kijani na moja ya kijivu nikasoma jina la Wadkin na la mji wa Leicester. Hiyo ni kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1897, na mashine zake za useremala zilijengwa kwa chuma cha kusubu kizito ambacho hakipindi wala hakitetemeki. Uzito huo ndio unaowafanya watu kama mimi wazitafute, na ndio pia unaowafanya wanunuzi wa vyuma chakavu wazitafute. Mmoja wao alikuwa ameshapita hapo kwa bibi mara mbili.

Kutu haikunitia wasiwasi, kwa sababu kutu huondoka. Nilichokiogopa ni ufa, maana chuma cha kusubu kikipasuka katika fremu ni vigumu kukiamini tena. Mwalimu hakosi chaki mfukoni. Nilimwomba bibi mafuta ya taa kidogo, nikayapaka kwa kitambaa kwenye pembe zote za fremu na kwenye mikono ya magurudumu, nikangoja, nikafuta mpaka pakakauka, kisha nikasugua chaki juu yake. Palipo na ufa, mafuta yaliyojificha ndani hutoka taratibu na kuchora mstari wa unyevu juu ya weupe wa chaki. Fremu ilibaki nyeupe tupu. Mstari mmoja tu ulijitokeza, mfupi kama msumari wa nchi (inchi) moja, kwenye sikio linaloshikilia meza, na huo nilijua unaweza kuunganishwa kwa kuchomea shaba. Tukapatana kwa shilingi laki sita, pamoja na sharti moja ambalo bibi hakulilegeza hata chembe: kuku asiguswe mpaka aangue. Kuku huatamia siku 21, na huyu alikuwa na wiki moja tu. Basi nikarudi Unguja mikono mitupu, na skuli zilipofungwa nikapanda boti tena.

Safari ya kuurudisha msumeno sitaisimulia yote. Tulivua meza, magurudumu na mota, nikapiga picha kila hatua, nikaweka nati na bolti katika vifuko vilivyoandikwa vilikotoka. Fremu ilitolewa kibandani kwa gari la ng'ombe, ikafika bandari ya Mkoani kwa gari la mizigo, na mahamali sita wakaiingiza melini huku wakinilaani kwa adabu. Ilikuwa msimu wa kusi. Tulipofika mkondo wa Nungwi bahari ilichafuka, na mimi nilikaa karibu na mzigo wangu nimeushika, kana kwamba kilo 300 za chuma zingenisikiliza zikiamua kuondoka.

Kazi ya kwanza uani ilikuwa kutu. Vipande vidogo, yaani skrubu, vishikio na magurudumu ya mkono, nilivichovya katika maji ya birimbi. Mama zetu hulitumia tunda hilo kung'arishia vyombo vya shaba kwa sababu asidi yake ni kali, na kutu nayo haina ujanja mbele yake. Baada ya usiku mmoja nilivisugua kwa mswaki wa zamani na chuma kikajitokeza cha kijivu, kisafi. Ni lazima lakini visuuzwe na kukaushwa na kupakwa mafuta saa ile ile, ama sivyo hewa yetu ya bahari huvirudishia kutu kabla ya adhuhuri. Vipande vikubwa nilivitia katika pipa la plastiki lenye maji yaliyokorogwa magadi, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita. Chaja ya betri ya gari niliiunga waya hasi kwenye kipande chenye kutu na waya chanya kwenye nondo zilizozamishwa pembeni. Umeme ukipita, mapovu hupanda na kutu hulegea ikawa tope jeusi ambalo hufutika kwa stilwaya. Mapovu hayo ni haidrojeni, gesi inayolipuka, kwa hiyo pipa lilikaa nje penye upepo na watoto nikawakataza kulisogelea. Nondo za chuma cha pua zisitumike kamwe katika pipa hilo, kwani hutoa sumu ya kromiamu majini. Rangi nilikwangua kwa maji, nikiwa nimeziba pua na mdomo, sikupiga msasa mkavu, kwa kuwa rangi za zamani za mashine mara nyingi huwa na risasi ndani yake.

Baada ya kutu nilianza kukutana na mkono wa marehemu. Sikuwahi kumwona, lakini nadhani sasa namfahamu kuliko baadhi ya majirani zangu, kwa sababu kila kasoro niliyoikuta ilikuwa jibu alilolitoa kwa taabu fulani iliyomkabili.

Taabu ya kwanza ilikuwa beringi. Shafti ya gurudumu la chini ilitengenezwa kwa kipimo cha Kiingereza, nchi moja kamili, yaani milimita 25.4, na beringi za kipimo hicho hazipatikani kila duka. Inayopatikana ni 6205, ile ya mota za kawaida, yenye tundu la milimita 25 na kipenyo cha nje cha milimita 52. Marehemu akaipunguza shafti kwa tupa mpaka beringi ikaingia, na kwa kuwa nyumba ya beringi ilikuwa pana mno, akaizungushia vipande vya bati la kopo la maziwa. Nilipozibandua bati zile bado niliweza kusoma nusu ya jina la maziwa yenyewe. Kwa kalipa nilipima shafti sehemu nne: 25.1 hapa, 24.9 pale. Mviringo ulikuwa umegeuka yai, na gurudumu likawa linayumba.

Ningeweza kuagiza beringi za asili kutoka Uingereza na kungoja. Lakini wazo la marehemu lilikuwa sahihi. Kilichomponza ni tupa. Nilimpelekea fundi wa kukereza vyuma Mwanakwerekwe kipande cha ekseli ya lori, akanitolea shafti mpya ya milimita 25 barabara, na bushi mbili za chuma za kujaza nafasi ya nje. Siku beringi ikichoka nitakwenda Mlandege kununua nyengine, nirudi kabla ya chai kupoa.

Taabu ya pili ndiyo iliyokuwa shetani mwenyewe. Nilipokuwa nasafisha kasha la belti niliona duara limekwaruzwa ndani ya mfuniko, mkwaruzo wa zamani uliokwisha pata kutu juu yake. Puli, yaani kigurudumu kinachopitiwa na belti, iliyokuwapo kwenye gurudumu la chini ilikuwa ya nchi tano, na isingeweza kufika kwenye mkwaruzo ule. Puli iliyoukwaruza ilikuwa na nchi nane. Nikakumbuka injini ya dizeli. Injini za mtindo wa Lister huzunguka taratibu, mara 650 hivi kwa dakika, na mtu anayetaka kuendesha msumeno kwa injini ya namna hiyo huhitaji puli ndogo kwenye msumeno ili apate kasi. Marehemu alifanya hivyo, na alikuwa na haki. Umeme ulipotengemaa akaiondoa injini, akairudisha mota ya asili, lakini puli ndogo akaiacha pale pale.

Mota ina puli ya nchi nne na huzunguka mara 1,420 kwa dakika. Kwa puli ya nchi tano, gurudumu huzunguka mara 1,136. Kipenyo cha gurudumu ni nchi 20, kwa hiyo mzingo wake ni mita 1.596, na mkanda unakimbia mita 1,813 kila dakika. Kwa puli ya nchi nane gurudumu huzunguka mara 710 tu na mkanda hukimbia mita 1,133, mwendo ambao mkanda wa mbao huuchukua bila ya manung'uniko. Ongeza hapo shafti iliyoyumba na mpira wa gurudumu uliokauka ukavimba sehemu moja: mkanda ulikuwa unapigwa kigongo karibu mara 19 kwa sekunde, huku umevutwa. Chuma chembamba hakivumilii hali hiyo, huchoka kikakatika. Hesabu hii niliiandika ubaoni darasani Jumatatu iliyofuata, bila ya kuwatajia wanafunzi habari ya shetani.

Nilimpigia simu kijana wa Wete kumuuliza kama ameiona puli kubwa mahali popote. Alicheka. Ilikuwa juu ya banda la mbuzi, ikikandamiza bati. Ikaja Unguja kwa mkono wa jamaa aliyekuwa akisafiri.

Mota nayo ilikuwa na hadithi yake. Imetengenezwa kwa umeme wa fezi tatu wa volti 415, na nyumbani kwangu kuna fezi moja ya volti 230. Wengi walinishauri niitupe nifunge mota mpya ya fezi moja, na pengine hilo lingekuwa rahisi zaidi, lakini mota ile ilikuwa inazunguka kimya kama saa na sikuwa na moyo wa kuiuza kwa kilo. Njia iliyobaki ilikuwa inveta, kifaa kinachopokea fezi moja na kutoa fezi tatu, ila kinazitoa kwa volti 230. Sasa, nyuzi za mota zikiungwa kwa mtindo wa nyota, yaani ncha moja ya kila koili ikikutana na nyengine katika kifundo kimoja, kila koili hupata volti 240 kati ya zile 415. Kwa hiyo koili zile zile zikiungwa kwa delta, yaani kichwa kwa mkia mpaka zifunge pembetatu, zitaridhika na volti 230 za inveta. Tabu ni kwamba mota ilitoa nyaya tatu tu nje, na kifundo cha nyota kilikuwa kimezikwa ndani ya msokoto.

"Maalim, hii naweza kuifungua, lakini ukipiga chafya hapa karibu tutaisuka upya yote," aliniambia fundi wa kusuka mota, kisha akavaa miwani miwili, mmoja juu ya mwengine. Varnishi ya zamani ilikuwa imekauka kama kioo. Aliipasha moto kidogo, akainua uzi uliofunga msokoto kwa sindano ya kushonea magunia, akafuata waya mmoja mmoja mpaka akapata mahali nyaya tatu zilipokutana zikasokotwa pamoja. Akazitenganisha, akaziunga nyaya mpya, akazivisha soksi za kuhami, na mota ikatoka na nyaya sita. Kazi ile ilichukua alasiri nzima na hakuzungumza mpaka alipomaliza. Inveta nimeipanga iianzishe mota taratibu kwa sekunde nne, na isiwashe yenyewe umeme ukikatika na kurudi. Hilo la pili ni muhimu mno kwetu sisi, kwa sababu umeme hurudi wakati mtu ameshasahau kama mashine ilikuwa inafanya kazi, na mkono wake uko mezani.

Mpira wa magurudumu nilikosea mimi mwenyewe. Marehemu alikuwa amegandisha tyubu ya gari, nikaibandua, nikakata ukanda wa raba ya milimita nne, ncha zake nikazikata mshazari ili zilaliane, na nikapaka gundi ya viatu jioni moja ya mvua. Gundi ya aina hiyo hutaka ikauke kwanza mpaka isinate kidoleni, ndipo pande mbili zikutanishwe. Katika unyevu ule ilionekana kavu lakini haikuwa. Kesho yake nilipowasha, raba ilibanduka ikachapa ukuta kwa mlio ulioitoa familia nzima uani. Mara ya pili nilingoja siku tatu za jua. Ikiwa imeshika, nilipunguza mwendo wa mota kwa inveta na kuielemeza msasa uliogandishwa kwenye kibao, mpaka raba ikapata kimo kidogo katikati kuliko pembeni. Kimo hicho ndicho kinachouweka mkanda njiani, kwani mkanda unaozunguka hupanda wenyewe kuelekea mahali pa juu zaidi. Gurudumu la juu, ambalo halina mota, nililizungusha kwa keekee ya umeme iliyofungwa kisahani cha mpira.

Kulikuwa na jambo moja nililolirekebisha kisha nikalirejesha. Chini na juu ya meza kuna vishikio vinavyouzuia mkanda usiyumbe pembeni, na marehemu alikuwa ameondoa vile vya chuma akaweka vipande vya mpingo, vidogo kama kete za bao, vyeusi kwa mafuta. Niliviona kuwa ni viraka vya umasikini. Nikanunua vishikio vya beringi ndogo, nikavifunga, nikajisifu. Ubao wa kwanza niliokata ulikuwa wa mfenesi ambao haujakauka sawasawa, na mfenesi, kama ajuavyo kila aliyelipasua fenesi bila ya kupaka mafuta mikononi, una ulimbo. Baada ya robo saa ulimbo uliochanganyika na unga wa manjano ulikuwa umeziganda beringi zote nne zisizunguke, na mkanda ukaanza kulia. Nilivisafisha kwa mafuta ya taa, vikaganda tena. Siku ya tatu nilivitafuta vile vipande vya mpingo ndani ya kopo la taka, nikavisawazisha nyuso kwa msasa, nikavilaza usiku kucha katika mafuta ya mashine, nikavirejesha vikiwa karibu na mkanda kwa unene wa karatasi moja. Mkanda hujisugua juu yake na kujifuta ulimbo wenyewe. Vimekaa hapo mpaka leo.

Meza naipaka nta ya nyuki kila Ijumaa, na mkanda naulegeza kila ninapomaliza kazi. Mbao za mvule nazikata nikiwa nimefunga pua, maana unga wake huniwasha koo na kunitoa vipele mikononi.

Kitu cha kwanza kilichokamilika kwenye msumeno ule kilikuwa mbuzi ya kukunia nazi, yenye kiti cha kupinda na miguu ya kukunja, ya mfenesi ule ule ulionitia adabu. Niliituma Wete. Bibi alinipigia simu usiku, akashukuru, kisha akashusha sauti akaniuliza kama yule shetani ameshaonekana. Nikamwambia ameonekana, na kwamba alikuwa puli. Alinyamaza kidogo.

"Ile iliyokuwa juu ya banda la mbuzi?"

"La, bibi, ile ndogo. Ile kubwa ndiyo iliyomtoa."

"Basi tokea muichukue, bati lapiga kelele usiku kucha upepo ukivuma. Nitafutie kitu kizito uniletee."

Puli ya nchi tano nimeshaifunga katika gunia, naingoja boti ya Jumamosi.